Mkaguzi Alipouliza Habari za Kazi

Walianza kwa kutuletea keki. Keki kubwa ya krimu nyeupe, wakaiweka juu ya meza ya kukunjia taulo, pale pale katikati ya karakana ya dobi. Meneja akapiga makofi, nasi tukapiga makofi. Akatuambia kwamba kuanzia siku ile tuna Kamati ya Ustawi wa Wafanyakazi, na sauti zetu sasa zitasikika. Kwa lile joto, krimu ilianza kuteremka ubavuni kabla hajamaliza hotuba. Tukala keki iliyolowa, tukapigwa picha, yalla, kila mtu akarudi kwenye mashine yake.

Mimi sikumpongeza mtu. Ile haikuwa huruma. Kulikuwa na hoteli moja, mteja mkubwa, ambayo wageni wake walikuwa wameanza kuuliza maswali: haya mashuka meupe tunayolalia, nani anayafua, na anatendewaje? Siku hizi tajiri hatosheki na shuka safi, anataka na dhamiri safi ya kulalia. Hoteli ikaiambia kampuni: tuonyesheni kamati yenu, tutamtuma mkaguzi. Kampuni ikatafuta kamati kama mtu anayetafuta sare ya harusi asubuhi ya harusi yenyewe. Wakaokota jina huku na huku, wakachukua mmoja kutoka kila taifa, na upande wetu wa Waswahili wakatuambia tuchague msemaji wetu wenyewe.

Karakana ilikuwa Al Quoz, huko Uarabuni, nyuma ya magereji na maghala, na sisi wanawake tulilala kambini Muhaisnah. Basi la kampuni lilitutoa alfajiri na kuturudisha jioni tukiwa tumepauka kama mashuka tuliyokuwa tukiyafua. Wakati wa kiangazi wanaume wa ujenzi hupumzishwa adhuhuri, ni sheria, na ni sheria nzuri, siisemi vibaya. Lakini inawalinda walio juani. Sisi tulikuwa chini ya paa. Paa la bati, mvuke umejaa hadi mtu wa pili humwoni vizuri, jasho linaingia machoni, lakini paa ni paa. Kwa sheria, sisi tulikuwa kivulini.

Hata hivyo joto si jambo tulilotaka kulisema. Joto tulishalizoea kama mtu anavyomzoea mume mkorofi. Tulikuwa na jambo moja tu, nalo lilikuwa breki.

Nieleze. Mashuka ya hoteli hayapigwi pasi ya mkono. Yanaingizwa kwenye mashine yenye rola kubwa za chuma zinazozunguka, zina moto wa kuchemsha maji. Mnasimama wawili, huyu ameshika kona hii, yule ile, mnalikung'uta shuka, mnalinyoosha, mnalilisha mdomo wa mashine, na rola zinalivuta. Mbele ya mdomo huo kuna upau mwembamba wa chuma. Kidole kikiugusa tu, mashine inasimama. Huo ndio tuliouita breki. Tatizo lake ni kwamba hata pindo la shuka lililolowa sana likiugusa, mashine inasimama pia, na mashine ikisimama kazi inachelewa, na kazi ikichelewa msimamizi anapiga kelele. Basi msimamizi alimwamuru fundi aufunge upau ule juu kwa kitambaa cha foronya iliyochanika, usiguswe na kitu. Kitambaa kilipochakaa kikafungwa kingine. Sisi tukabaki tunalisha chuma cha moto kwa vidole, hakuna cha kukizuia isipokuwa akili zetu, na mtu aliyesimama tangu alfajiri akili inakuwa imemtoka zamani.

Marehemu baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha nguo Morogoro, enzi zile viwanda vinanguruma. Alikuwa mjumbe wa tawi la wafanyakazi. Alikuwa akirudi hoi, lakini akianza kusimulia mkutano wao uchovu wote unamtoka, mpaka mama anamtania, "Wewe bwana, mimi uliniposa tu, ulichooa ni kiwanda." Vumbi la pamba lilikuwa likiwaua kifua. Wakadai vitambaa vya kuziba pua, wakazungushwa, njoo kesho njoo kesho kutwa, mwisho wakakaa nje ya geti na kukataa kuingia mpaka vije. Vikaja. Kiwanda kilikufa baadaye na baba naye akafa na kikohozi chake, lakini habari ya kukaa nje ya geti aliisimulia mpaka mwisho. Nami niliikumbuka sana pale Al Quoz, halafu nikajicheka. Hapa ukikaa nje ya geti, jambo linalofuata ni tiketi ya kurudi kwenu. Viza yako iko kwa mwajiri, kitanda chako ni cha mwajiri, na hata basi litakalokupeleka kugoma ni la mwajiri.

Kwa hiyo, pamoja na ubaya wangu wote wa moyo, nilipoambiwa mkaguzi anakuja nilipata tamaa. Nasema kweli. Mtu wa nje, asiyelipwa na kampuni yetu, anakuja kuuliza. Tumwambie neno moja: fungueni breki.

Tulijadiliana siku ya mapumziko, jikoni kambini, sufuria ya wali wa nazi iko motoni. Swali lilikuwa nani aseme. Kulikuwa na mwenzetu mmoja Mkenya, dada wa Nakuru, anayejua Kiingereza cha kumwaga. Yeye ndiye angekuwa mkalimani kwa vyovyote. Akasema, "Niachieni mimi. Namwambia, boss, ile breki imefungwa, ifunguliwe, khalas. Dakika moja nimemaliza."

Watanzania wote tukaguna. Mmoja akamwambia, "Dada, wewe ukiongea ni kama unamrushia mtu mawe. Atadhani tunagombana naye."

"Si basi tugombane! Kwani tunaenda kuposa?"

Tukacheka, lakini hatukumpa. Tulimchagua shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, tulimwita hivyo kwa heshima. Alikuwa mama wa Tanga, mkubwa kuliko sisi wote, mwenzangu wa mashine, yeye kona ya kulia mimi ya kushoto. Nyumbani ameacha mama yake mzee kitandani, mtu wa kulishwa na kuogeshwa, na dada mdogo anayemwangalia. Kila alipomaliza mkataba alisema huu ndio wa mwisho, narudi nikamuuguze mwenyewe kwa mikono yangu, halafu unakuja mwingine. Alikuwa na maneno, shangazi. Akisema jambo, hata mkorofi ananyamaza kumsikiliza. Palipokuwa na ugomvi chumbani ndiye aliyeitwa, na alijua kulifikisha neno zito bila kumvunjia mtu uso. Wenye mkutano ni wakubwa, mdogo hatangulii kusema. Hata dada wa Nakuru mwishowe alinyoosha mikono, "Haya, sawa. Lakini aki aseme."

"Nitasema, mwanangu," shangazi akamjibu. "Kwani mimi bubu?"

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Asubuhi ile tulipona kwelikweli. Sakafu ilikuwa inang'aa, mafeni yaliyokufa miezi na miezi yamefufuka, na karibu na mlango kumesimama friji la maji baridi ambalo sijawahi kuliona tena maishani. Msimamizi alituita "madam". Loo! Madam, mimi!

Mkaguzi alikuwa bwana mpole, shati jeupe, tableti mkononi. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia kazi, lakini hakuwa. Alikuja mpaka kwenye mashine yetu, meneja hatua chache nyuma yake, akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima. Akauliza. Dada wa Nakuru akatafsiri, "Anauliza habari za kazi. Anauliza kama mko salama."

Shangazi akaweka mkono kifuani. "Nzuri, baba. Salama. Tunamshukuru Mungu."

Dada akayatafsiri kama yalivyo. Nasi tuliosimama nyuma tukatikisa vichwa kukubali, maana alikuwa ameanza vizuri.

Jamani, nani kati yetu asiyejua? Mtu akikuuliza habari za kazi, hajakuuliza kitu. Amebisha hodi tu. Nawe ukisema nzuri hujamjibu kitu, umemkaribisha ndani. Kwetu mtu anatoka msibani, anapiga simu, anaulizwa habari za huko, anasema nzuri. Anaulizwa wazima, anasema wazima, halafu ndipo anashusha sauti na kusema, isipokuwa baba mdogo hatunaye tena. Hatusemi uongo. Kila jambo lina mlango wake. Mgeni anasalimiwa, anauliza tena, haya, na nyinyi mnasemaje, hapo ndipo mnakaa na neno linatolewa. Mtu anayekurupuka na shida yake kabla salamu haijakauka tunamwona hana malezi, na shida yake yenyewe tunaisikiliza nusu.

Basi shangazi alikuwa anasubiri swali la pili. Sote tulikuwa tunalisubiri. Dada wa Nakuru alikuwa ameshageuza uso kwa mkaguzi, tayari.

Mkaguzi akagusa tableti yake kwa kidole. Akasema hayo yamemfurahisha sana kuyasikia, akashukuru, akaenda kwa wanawake wa Kinepali kwenye meza ya taulo. Meneja akamfuata, naye uso wake umejaa furaha. Shangazi alibaki na mkono kifuani, amevuta pumzi ya kuanzia.

Ndani ya basi palichafuka. Dada wa Nakuru alisimama katikati ya viti, "Aki nyinyi Watanzania! Mtu ameuliza uso kwa uso mko salama, mnasema salama? Mimi nitafsiri maneno ambayo hamjasema?"

"Hakutuuliza, alitusalimia," mmoja akasema.

"Alikuwa anauliza! Hiyo ndiyo kazi yake!"

Nami nilikuwa nimewaka. Nilimkasirikia kila mtu, mkaguzi, meneja, na hiyo adabu yenyewe tuliyolishwa na maziwa ya mama. Wanasema kuuliza si ujinga. Yule bwana alikuwa mtu wa kwanza kunionyesha kwamba kunaweza kuwa ujinga mtupu. Mtu amesomeshwa, amepandishwa ndege, kazi yake yote hapa duniani ni kuuliza, na hajui kuuliza! Nikampigia msonyo, basi zima likasikia.

Shangazi alikuwa dirishani, ametulia. Tulipomgeukia akasema taratibu, "Nilikuwa bado namkaribisha." Halafu akasema, kama anatufariji sisi, "Atarudi. Mtu hasalimii halafu asirudi."

Kilichorudi ni cheti. Kina fremu ya dhahabu ya plastiki, kinasema mahali petu pa kazi ni pa mfano. Friji la maji lilikuwa limeondolewa kesho yake tu baada ya ukaguzi, na cheti wakakitundika ukutani pale pale lilipokuwa limesimama. Ukibanwa na kiu unaenda kusoma cheti. Kamati ilikutana mara moja tu, ikajadili mashindano ya kriketi na zawadi ya mfanyakazi bora. Shangazi alilitaja suala la breki katika mkutano ule, safari hii bila kuzunguka. Wakamwambia, lakini mama, mkaguzi amekuuliza mwenyewe ukasema mko salama, leo unasema nini tena? Akarudi kwenye mashine akanisimulia huku tunalisha mashuka, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ina hasira.

Asubuhi ya ajali ilikuwa ya kawaida kabisa. Tulikuwa tunazungumza habari za bamia, kama zinapikwa na nazi au hapana, yeye anashikilia ndiyo, mimi namwambia huo ni uchawi wa Tanga. Lilikuja shuka chakavu, pindo lake limefumuka. Tukalikung'uta, tukalinyoosha. Kidole chake kikaingia kwenye ule mfumuko wa pindo, kama mtu anavyoingiza kidole kwenye pete, na rola ikalivuta shuka na mkono ukafuata.

Hakupiga kelele. Alisema, "Zima, mwanangu. Zima." Kitufe chekundu cha dharura kilikuwa mwisho wa mashine, upande ule mwingine. Nilikimbia. Nilianguka kwenye sakafu iliyolowa, nikainuka, nikakimbia, na njia nzima namsikia nyuma yangu, zima, zima, kwa sauti ile ile ya kunielekeza, mpaka ikaacha kuwa maneno.

Hospitali walimhudumia vizuri, sitasema uongo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mkono wa kulia, kilichobaki ni kidole gumba na kipande cha kiganja.

Siku ile ile, kabla hata hatujajua kama ataishi, fundi alikuja na mkasi akakikata kitambaa cha foronya. Nilikuwa nimesimama pale. Kukikata kulichukua muda wa mtu kupiga chafya. Upau ukashuka, tiki, ukakaa mahali pake. Hakikuhitajika kibali wala mkutano wala keki. Nikashikwa na kicheko cha ajabu, mpaka dada wa Nakuru akanikumbatia kwa nguvu nisitoke nje nikasema ya kunirudisha kwetu.

Mkaguzi naye alirudi, shangazi alisema kweli. Akanikalisha kwenye chumba cha kulia, yeye upande huu, mimi ule, dada katikati. Akaanza kwa kuniuliza niko hali gani. Sikuitikia. Nikamweleza kuhusu breki tangu mwanzo mpaka mkasi, bila salamu, bila asante, kama mtu asiye na kwao. Aliandika yote. Halafu akaweka tableti chini, macho yake mekundu, akasema, "Lakini nilimuuliza. Nilisimama mbele yake nikamuuliza."

Nikamwambia, "Kwetu hata mgonjwa wa kufa ukimuuliza hali atakwambia hajambo. Unakaa. Unakaa naye kitandani, mnaongea habari za mvua, ndipo anakuonyesha panapouma. Wewe hukukaa."

Dada aliyatafsiri polepole, mpaka neno la mwisho. Yule bwana alitazama mikono yake. Nadhani aliumia. Nikaona na yeye ana haki ya kuumia, ila kwake kungepoa kabla ndege yake haijatua. Matokeo ya maumivu yake ni kwamba tuliletewa sanduku la maoni lenye kufuli.

Shangazi alikuja karakana mara ya mwisho siku chache kabla ya safari yake, kutia saini karatasi za kuondoka na kutuaga. Alitia saini kwa kubonyeza gumba la kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, ameuegemeza kifuani kama mtoto. Alitupita mmoja mmoja akitushika mabega. Wengine walilia, yeye hakulia. Aliuliza nani ananishikia kona ya kulia sasa, nikamwonyesha, msichana mgeni kutoka Kigoma, akamwombea dua. Nikamuuliza mama yake huko nyumbani ameambiwa nini. Akasema hawajamwambia, anahesabu siku tu, binti yake anakuja kumwogesha.

Halafu akasogea kwenye mashine. Tulikuwa katikati ya shuka, rola zinavuta. Akautazama upau.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, shangazi."

Akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akaugusa. Aliugusa kama anavyojaribu mtu uji kama umepoa. Mashine nzima ikasimama. Kimya kilichoanguka pale kilitufanya tusikie mafeni.

"Nyepesi hivi," akasema. "Kumbe ni nyepesi hivi."

Kutoka upande wa pili msimamizi akapiga kelele, "Nani amesimamisha mashine? Yalla, yalla!" Akaja mbio mpaka kwenye kona, akamwona ni nani, akasimama. Shuka lililobanwa katikati ya rola lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya chai, na harufu ya kuungua ikajaa pote. Shangazi alikuwa anamtazama. Hakuondoa kidole, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia aondoe.